Mikono Miwili ya Boay

Juzi nilikwenda Endasak kumzika Boay. Nilikwenda kwa sababu binti wa dada yangu ameolewa katika ukoo wao, na kwetu usipoonekana msibani utasemwa mpaka na wewe uzikwe. Bodaboda ikanishusha barabarani, nikapanda kilima taratibu na magoti yangu haya, nikakaa kwenye benchi la wanawake, nikapewa wali na nyama, nikala. Nilikuwa nimeamua kunyamaza. Kisha akasimama kijana mmoja mwenye tai, mwanawe au mkwewe sijui, akashika kipaza sauti akasoma habari za marehemu. Akasema baba yetu alikuwa mlinzi wa mila. Eti mlinzi! Akasema leo vitu vya wazee wetu viko salama ng'ambo, kwenye majumba yenye taa na askari, kwa sababu marehemu aliona thamani yake wakati wenzake wamelala. Watu wakapiga makofi. Makofi, msibani! Mama aliyekaa kando yangu akaninong'oneza, "Kweli alikuwa mtu wa watu." Nikamuuliza, "Watu gani?" Akanitazama akasogea pembeni. Marehemu hasemwi vibaya, najua, nimelelewa vizuri. Lakini niliporudi nyumbani sikupata usingizi kwa hasira, na asubuhi nikatafuta kalamu.

Mwaka ninaousema nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa masista, nasubiri kuitwa chuo cha uuguzi. Mambo ya ukoo nayaacha, hayana faida hapa. Mashamba ya ngano ya serikali yalikuwa yamepamba moto kule uwandani. Ukisimama Gitting ukatazama chini unaona rangi moja tu mpaka macho yanachoka, na vumbi la kombaini likitembea juu yake. Kabla ya ngano yalikuwa malisho ya Wabarbaig, na makaburi ya wazee wao yalikuwa humo humo. Trekta haikupiga hodi. Boay alikuwa mkalimani wa wataalamu wa kigeni waliokuja na hizo mashine. Alikuwa mtoto wa Gitting, jirani wa shangazi yangu Martina, anajua Kiingereza, anavaa viatu vya kamba hata siku za matope. Ndiye aliyenitafutia kazi ya kupika katika nyumba ya mtaalamu mmoja, nisimnyime haki yake. Mtaalamu huyo tulimwita Bwana Zamani. Alikuwa amefika peke yake, bila mke, na masanduku mengi kuliko familia nzima.

Sebule ya Bwana Zamani ninaweza kuichora hata leo. Alikuwa amefanya kazi nchi nyingi, na kila nchi alikuwa ameibeba kidogo. Juu ya kabati kulikuwa na sanamu ya shaba ya mtu aliyekunja miguu, anatabasamu macho yamefumba. Palikuwa na taa ya udongo ya kutilia mafuta, ndogo kama kiganja, ambayo mwenyewe alisema ni ya zamani kuliko Bwana Yesu, na mimi niliifuta vumbi kwa woga. Palikuwa na kinyago cheusi chenye meno, sahani ya Kichina iliyovunjika ikaungwa, na kisanduku chenye pamba ambamo mlilala shanga za kioo zilizotoka kaburini Misri. Sikuwa na ubaya na vitu vile. Nilivipenda, tena sana. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, nilifungua pazia nikavifuta kimoja kimoja, na nilidhani vitu vizuri huwa vinauzwa na wenyewe wakiwa wanacheka. Sasa nimezeeka, nikikumbuka sebule ile nauona mlolongo wa watu wamesimama mlangoni, na hakuna hata mmoja anayecheka.

Jumamosi alialika wenzake. Nilioka nyama na viazi, nikakata mkate wa ngano ya shambani, na wakati napeleka sahani nasikia maneno. Kiingereza cha masista kilinitosha. Bwana Zamani alikuwa na kawaida ya kushika kitu kimoja, kukipitisha mkono kwa mkono, na kukitolea hadithi. Nchi zilibadilika, lakini mwisho wa hadithi ulikuwa mmoja: mwenye kitu hakujua alichokuwa nacho. Mzee fulani alikuwa anafunikia chungu kwa sahani ile, fikirieni! Wanacheka, wanaongeza viazi. Jikoni nako Boay alikuwa anakula ugali na maziwa ya mgando, ameegemea mlango, ananitania. "Fabiola, hawa watu wana wazimu. Mtu anavuka bahari kutafuta kigae!" Nami nilicheka. Alikuwa mcheshi yule, sikatai. Angekuwa na sura mbaya na maneno mabaya, shangazi asingemfungulia mlango.

Sasa nieleze jambo letu moja, na nitalieleza bila kulipaka sukari. Kwetu sisi Wairaqw nyumba ikipata kifo cha namna fulani hutengwa. Tunaita metimani. Mwaka ule mjukuu wa shangazi alizaliwa ndani ya nyumba yake akafa kabla hajanyonya. Mama wa mtoto, binti yake, akarudishwa kwa mumewe kule Tumati, na shangazi akabaki peke yake na kizuizi. Mtu aliyetengwa haombwi moto wala haombi. Haazimi chombo, ng'ombe wake hawachungwi na wa wengine, chakula chake hakiliwi, na maji anachota wenzake wakishaondoka. Na ukipokea kitu mkononi mwake, kizuizi kinakuingia na wewe, pamoja na kila anayekula kwako. Muda ukitimia wazee wanakaa, wanamtuma mtu mmoja. Anaingia, anapokea kitu chochote kutoka kwa mwenye nyumba, kwa mikono miwili, na hapo yamekwisha. Siku hiyo hiyo wanawake wanakuja na vigae vyao vya kubebea makaa kuomba moto. Na sisi tulikuwa Wakristo, jamani! Jumapili tunasema Baba Yetu kwa sauti moja, Jumatatu tunamkwepa mjane njiani. Padre alikemea mpaka akachoka. Watu wakamwitikia "ndiyo, Baba" na kwenda kufanya vilevile.

Nilipopata siku ya mapumziko nilipanda Gitting, nikasimama nje ya uzio wa minyaa, nikaita. "Shikamoo, shangazi!" "Marahaba, mama. Umekula?" Huyo ndiye shangazi Martina. Amefungiwa na dunia nzima, na anauliza kama mimi nimekula. Mlango wake ulikuwa umechakaa, shamba limeingiwa na magugu kwa sababu hakuna wa kumsaidia kupalilia. Tuliongea hivyo hivyo, uzio katikati, na kila mara alirudia jambo moja. Hakuwa anaogopa kufa, alisema. Alikuwa anaogopa kufa kabla hajafunguliwa, afe kama mtu asiye na jirani. "Nikifunguliwa hata leo, nikaombwa moto mara moja tu, kesho Mungu anichukue." Nikamwambia wazee watakaa. Mwenyekiti wao alikuwa Mzee Qamara, mwenye pua ndefu na neno la mwisho. "Wanakaa kila siku," shangazi alisema. "Wanakaa kwenye pombe."

Mara ya pili nilipokwenda nilimkuta amesimama nje ya uzio, katikati ya njia, na kibuyu cha maji kimepasuka miguuni pake. Analia. Sikuwahi kumwona akilia, hata kwa mjukuu. Nikamuuliza kulikoni, naye akanisimulia kwa haraka, maneno yanapandana. Boay alikuwa amekuja. Aliingia ndani, akakaa kwenye kigoda, akamsalimia vizuri, akasifu nyumba. Mzungu alibaki kwenye gari. Boay akasema anaomba kitu kimoja, lile vazi la ngozi la shanga alilovaa shangazi siku alipotolewa kuolewa, lililoshonwa na mama yake msimu mzima. Shangazi hakuuliza kwa nini. Angeuliza nini? Mtu wa kwetu, mtoto wa jirani, mwenye akili zake, ameingia kwenye nyumba iliyotengwa na anaomba kitu mkononi! Alijua wazee wamekaa. Alijua wametuma. Akalishusha kutoka juu ya dari, akalifuta masizi, akalipakaa samli ling'ae, akampa. "Alipokea kwa mikono miwili, Fabiola. Akainamisha na kichwa. Nikasema, asante Mungu, yamekwisha." Boay akaacha mfuko wa unga na blanketi, akaondoka. Shangazi akajipaka mafuta, akawasha moto mkubwa, akakaa kuwasubiri wanawake. Hakuja mtu. Akadhani wana kazi. Kesho yake akachukua kibuyu akateremka mtoni wakati wanawake wengine wako, akawasalimia akicheka. Walikimbia. Mmoja akampiga jiwe, kibuyu kikapasuka. Na kabla hajafika nyumbani Mzee Qamara akawa ameshamtumia neno kwamba kwa kuwa amevunja kizuizi, muda wake unaanza upya.

Watu wa mbali wanaweza kusema Boay hakujua. Thubutu! Alizaliwa humo humo. Alipita kwa mama yake mwenyewe jioni ile akala, hakusema kitu. Alijua mwanamke aliyetengwa hatamkatalia anayepokea, na kwamba asingekuwa ametengwa angesema hapana, vazi hili ni la kuzikwa nalo, kama wanawake wengine wote walivyomkatalia. Alizunguka vijiji vyetu msimu mzima akikataliwa. Ndipo akakumbuka nyumba moja ambayo kwa desturi yetu haina jirani wa kuuliza "unabeba nini?" Tulimtayarishia njia wenyewe, tukaifagia.

Niliporudi kazini vazi lilikuwa ukutani sebuleni, juu ya sanamu ya shaba, limetandazwa na kupigiliwa misumari. Nililijua kabla sijavua kanga. Utotoni nilikuwa nikiomba kulishika, na shangazi alinionyesha ile mistari ya shanga, jua hili, njia hii, huu mlima. Sasa lilikuwa linanuka dawa ya wadudu. Boay alipoingia jikoni sikumpa shikamoo. Akacheka. "Leo umelala vibaya?"

"Lile vazi la shangazi umelipokeaje?"

"Kwa ruhusa yake. Na nimempa unga, anakula. Nyie ndugu zake mmempa nini?"

"Alidhani umetumwa na wazee."

Akamega ugali, akatafuna polepole. "Mimi sikusema nimetumwa. Je, alisema nilisema?" Kisha akashusha sauti, akawa yule Boay mzuri. "Fabiola, mdogo wangu, wewe umesoma. Unaamini mambo hayo? Metimani! Mimi nimemwonyesha kwamba hayana maana. Nimeingia, nimepokea, nimekufa?" Nilitaka kumtia sufuria kichwani. Hasira yangu ilizidi kwa sababu neno lake moja lilikuwa la kweli. Mimi ndugu nilisimama nje ya uzio, na yeye mwizi ndiye aliyeingia ndani. Ukweli ukikaa mdomoni mwa mtu wa namna hiyo unauma mara mbili.

Jumamosi wageni wakaja. Nikapika kama kawaida, nikaandaa meza, na walipomaliza nyama Bwana Zamani akageukia ukuta akaanza hadithi yake mpya. Mama mmoja mzee, kwenye kibanda chenye moshi. Alikuwa amelificha darini na panya. Hakujua alichokuwa nacho. Nikaweka chini bakuli la viazi. Nikasema kwa Kiingereza kwamba alijua. Kwamba jina lake Martina, ni dada wa baba yangu, na alijua kila ushanga. Bwana Zamani hakuwa mtu mkali, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, maana mtu mkali unapigana naye. Alinitazama kwa huruma akaniambia nisiwe na wasiwasi, vazi sasa limeokoka, kwake halitaliwa na panya, watu wa dunia nzima wataliona na kuwaheshimu wazee wangu. Alimlipa Boay vizuri, akasema. Nikavuta kiti, nikapanda nikiwa na aproni, nikang'oa msumari mmoja mmoja kwa mpini wa uma. Hakuna aliyenishika. Nadhani walikuwa wanasubiri kuona kama nitamaliza. Nikalikunja, nikalitia kifuani, nikatoka mlango wa mbele, mlango ambao sisi wapishi hatukuruhusiwa kuutumia, na sikurudi tena hata kudai changu.

Nilifika Gitting kwa miguu nikiwa nimejaa ushindi. Nikaingia hadi ndani safari hii, nikapita uzio, nikamwekea shangazi vazi mapajani. "Nimekurudishia!" Alilitazama. Hakuligusa. Kisha akainua uso, na uso ule ndio unaonikosesha usingizi baada ya mazishi ya juzi. "Limerudi?" akasema. "Basi hakulipokea." Nilikuwa sijafikiri hilo. Siku zote zile, baada ya jiwe, baada ya neno la Mzee Qamara, alikuwa ameshikilia kamba moja tu: wazee wanaweza kukasirika, wanawake wanaweza kukimbia, lakini Boay alipokea, na kitu kilichopokelewa hakirudi. Alikuwa anangoja tu wakumbuke. Nikaeleza, nikaapa, kwamba hakulirudisha yeye, nimelichukua mimi kwa nguvu. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Basi," akasema, "tukamuulize mbele ya watu."

Jumapili tukaenda kigangoni. Shangazi hakuingia ndani, alisimama chini ya upenu kama alivyozoea, na misa ilipokwisha na watu wakatoka, alikuwa uwanjani ameshika vazi mikononi. Watu wakatawanyika kama kuku. Boay alikuwepo, amevaa koti, amesimama na Mzee Qamara na wazee wengine aliokuwa akiwanunulia pombe. Mimi nilipiga magoti kwenye vumbi mbele ya shangazi, nikanyoosha mikono miwili, nikalipokea. Mzee Qamara akapaza sauti, "Wewe binti, umetumwa na nani?"

"Sijatumwa," nikasema. "Na huyu hapa alipokea kabla yangu. Muulizeni alitumwa na nani. Kama alitumwa, shangazi yangu yuko huru tangu siku ile, na aliyempiga jiwe amwombe radhi. Kama hakutumwa, basi kizuizi kiko naye, na kila aliyekula kwake na kunywa pombe yake tangu siku hiyo anacho. Hebu semeni, wazee. Nani hapa hajanywa pombe ya Boay?"

Mtoto alilia mahali, mama yake akamziba mdomo. Niliona wazee wanahesabu moyoni. Kwa kitambo kidogo nilijua nimewashika. Palihitajika neno moja tu, "nilipokea," na mwanamke yule angekwenda nyumbani akiwa mtu. Boay akamtazama shangazi. Aliona jinsi anavyomtazama, kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Akarekebisha kola ya koti.

"Mimi sikupokea kitu," akasema. "Nilikuwa mkalimani tu. Aliyepokea ni Mzungu."

Wazee wakashusha pumzi, wote pamoja, niliisikia. Walijua ni uongo. Mzungu alibaki kwenye gari, watoto wa jirani walimwona. Lakini Mzungu hana metimani, hachafuki wala hachafui, na uongo ule uliwafaa wote. Mzee Qamara akasema jambo limekwisha, akatangulia. Mwanamke mmoja akanitemea mate karibu na mguu, kwa kuwa sasa na mimi nilikuwa nimetengwa. Shangazi alilichukua vazi mikononi mwangu, akalivaa juu ya gauni lake la Jumapili, akalifunga kiunoni, akapita katikati yao. Wakampisha. Nikamfuata.

Tuliishi pamoja nyumbani kwake, tukala bakuli moja, tukapalilia wawili. Usiku hakuacha moto uzimike. Asubuhi aliupuliza, akaongeza kuni, akakaa akitazama mlango, na mimi nikimwona akitazama nilitaka kuchoma kijiji kizima. Alikufa mtama ukiwa bado haujakomaa. Nilimvika vazi lake, nikachimba mwenyewe kando ya zizi, udongo mgumu, na majirani wote wakinitazama kutoka kwenye mashamba yao. Mchana ule ule Mzee Qamara akatuma mtoto na ujumbe: wazee wamekaa. Mwenye kizuizi hayupo tena, kwa hiyo nyumba imefunguliwa na mimi pamoja nayo, wanawake wanakuja kuomba moto kama desturi inavyotaka. Nikatoka mlangoni nikawaona wanapanda kilima mstari mmoja, wamevaa vizuri, kila mmoja na kigae chake, na yule wa jiwe alikuwa mbele. Nikarudi ndani. Nikachukua mtungi wa maji, nikaumwaga wote mafigani, juu ya moto wa shangazi.